Siku Kumi na Sita za Sauti

Daktari alipomaliza kueleza, Fundi ndiye aliyeuliza swali, maana kaka yake alikuwa ameganda kwenye kiti kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji baridi, na shemeji yake alikuwa ameshika tama.

"Kwa hiyo mnakitoa chote?"

"Chote," daktari akasema. "Kisanduku kizima cha sauti. Tukiacha hata kipande, tumefanya kazi bure. Upasuaji ni siku kumi na sita kuanzia leo. Atapumua kwa tundu hapa shingoni. Atakula, atatembea, atafanya shughuli zake. Ila kusema, basi tena."

Na huyo aliyeambiwa basi tena alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu aliyekula kwa koo lake miaka thelathini na moja. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Hata wakubwa wenzake walimwita Mwalimu. Alikuwa na sauti ya kufika benchi la mwisho bila kupaazwa, sauti ambayo mtoto mtundu aliisikia mgongoni akajua ameshaonekana. Mwaka ule ilikuwa imeanza kukwaruza. Wakasema ni vumbi la chaki, wakasema mafua, akanywa tangawizi miezi mitano. Sasa ilikuwa kansa.

Kabla hawajatoka, waliitwa chumba cha jirani. Humo alikuwamo dada mmoja mpole, kazi yake kuwasaidia waliopoteza usemi. Akawaambia kwamba kuna watu hurekodi sentensi zao wenyewe kabla ya upasuaji, zikawekwa kwenye simu, na baadaye mtu akibonyeza kitufe sentensi inatoka kwa sauti yake ya zamani. "Si lazima nyingi. Mia moja, mia mbili. Lakini zirekodiwe vizuri, nyumbani, mahali pametulia. Sauti yenyewe imeshapungua. Ukiichanganya na kelele haitabaki kitu."

"Hilo niachieni mimi," Fundi akasema.

Hakuwa anajigamba bure. Yeye ndiye mdogo wa Mwalimu, na tangu ujanani alikuwa akitengeneza redio na spika katika kibanda chake cha karibu na kituo cha mafuta. Mtu alimletea redio iliyokufa, akaipiga kofi moja la mgongoni, akasema imekosa nini. Yule dada alijaribu kumshauri: achukue maiki ya kawaida, ile ya kusemea karibu na mdomo, na akazanie zaidi chumba kuliko chombo. Fundi akaitikia kwa kichwa, huku maneno yakiingia sikio hili na kutokea lile. Huyu binti atanifundisha nini kuhusu maiki? alijisemea. Kaka yangu hatarekodiwa kwa maiki ya mnadani.

Kesho yake alikwenda kwa muuza vyombo vya muziki mjini, akarudi na maiki kubwa ya rangi ya fedha, nyeti, ya aina wanayotumia studio, pamoja na stendi yake, hedifoni na kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta. Muuzaji alimwonya: "Mkubwa, hii inasikia mpaka mawazo ya jirani." Fundi aliichukua kama sifa.

Wakaiweka sebuleni, kwa sababu sebule ndiyo iliyokuwa na nafasi. Sakafu ya vigae, kuta tupu, bati juu. Shemeji alipangusa meza mara mbili kana kwamba wanakuja wageni. Orodha ya sentensi waliyopewa hospitali ilikuwa imechapwa kwenye karatasi mbili, na Mwalimu akaisoma kwa sauti iliyokwaruza, lakini bado ya Mwalimu hasa. Naomba maji. Nasikia baridi. Nipelekeni hospitali. Zima taa. Alipofika katikati akaiweka karatasi chini.

"Hii orodha ni ya mtu mgonjwa," akasema. "Andika na hii." Akajinyoosha, akanguruma: "Nyamazeni huko nyuma!"

Shemeji akacheka mpaka akajifuta macho na kanga yake. Fundi akairekodi nayo.

Asubuhi tatu walifanya hivyo. Sentensi arobaini na tatu. Asubuhi ndiyo sauti ilifunguka. Ikifika saa tano ilianza kuzama, na mchana ilikuwa imekwisha. Baada ya asubuhi ya tatu Fundi alikwenda na kompyuta kibandani kwake, akavaa hedifoni, akazisikiliza zote mfululizo, na uso ukamparama.

Maiki ilikuwa imesikia kila kitu. Friji lilikuwa linavuma chini ya kila neno. Pampu ya maji ya nyumba ya pili ilikuwamo, pikipiki zilikuwamo, mlango wa mtu ulikuwamo. Bati lilikuwa limelia kila jua lilipolipasha. Na juu ya yote mwangwi wa vigae, ikawa Mwalimu anasemea ndani ya tangi. Kila sentensi Fundi aliyoicheza ilimtia aibu. Alimwona akilini yule dada wa hospitali akisikiliza na kunyamaza kwa adabu. Ndipo akafanya jambo ambalo baadaye alilirudia kichwani mara nyingi kuliko alivyotaka: akazichagua zote arobaini na tatu, akazifuta. Siku zipo, alijisemea. Tutaanza upya, kwa usafi.

Muuza vyombo alikubali kubadilishana. Fundi akaondoka safari hii na maiki nyeusi ya mkononi, ya aina wanayoshika waimbaji jukwaani, isiyosikia sana ila kilichoko mbele ya pua yake. Ndiyo ile ile aliyoambiwa tangu mwanzo. Siku moja ikaenda kuitafuta, nyingine ikaenda kutengeneza chumba. Alihamia chumba cha kulala cha kaka yake. Akasimamisha godoro la wageni ukutani, akaziba dirisha kwa mablanketi mawili, akaacha kabati wazi ili nguo zinyonye mwangwi. Soksi ndefu ya shemeji akaivutia kwenye kipande cha waya alichokipinda duara, akaiweka mbele ya maiki, ili pumzi za herufi p na b zisiipige. Friji likazimwa. Kompyuta, kwa kuwa feni yake ilivuma, ikapelekwa ukumbini na waya mrefu ukapitishwa chini ya mlango. Fundi akapiga makofi mara moja katikati ya chumba. Kofi likafa pale pale. Alifurahi kama mtoto.

"Kaka, mdomo wako uwe ngumi moja kutoka kwenye maiki. Usiielekee moja kwa moja, ielekee kidogo pembeni. Na usisogee."

"Ndiyo, mwalimu," Mwalimu akasema.

Neno hilo halikutoka. Herufi zilitoka, sauti ilikuwa imebaki nyuma, kama mtu aliyeitwa akachelewa kuamka.

Ilikuwa siku ya saba. Fundi alijitia hamnazo, akaenda ukumbini, akavaa hedifoni. Rekodi ilikuwa safi ajabu. Hakukuwa na friji wala pampu wala bati. Kulikuwa na Mwalimu peke yake gizani, na kwa sababu hakukuwa na kitu kingine, Fundi alisikia kila kilichoharibika: filimbi nyembamba katika kila pumzi, mate yanayokwama, sentensi inayoanza kwa nguvu na kumeguka katikati. "Mke wangu, ume..." Kimya. "Mke wangu, umekula?" Alipolinganisha kichwani na zile za sebuleni, akavua hedifoni. Zile zilikuwa chafu, lakini ndani yake kulikuwa na mtu mzima. Uchafu angeweza kuupunguza, angalau kidogo. Kazi hiyo aliijua. Sauti hakujua kuitengeneza.

Alipekua kompyuta nzima, akapekua na kadi ya kuhifadhia. Hakukuwa na kitu. Hakumwambia mtu.

Siku ya tisa walipata sentensi sita tu kabla Mwalimu hajainua mkono kuomba apumzike. Shemeji akaingia na uji, akaurudisha mlango. Ukumbini, Fundi hakuvua hedifoni. Hakuwa na nia ya kusikiliza mambo ya watu. Alikuwa anaandika namba za sentensi kwenye daftari, na kwa kuwa sauti ya kaka yake ilishafifia, alikuwa amepandisha usikivu wa maiki mpaka karibu na mwisho. Wenyewe walikuwa wamekaa kitandani, maiki katikati yao.

"Sasa haya yote ya nini," shemeji akasema, "wakati wamesema utakuwa unaandika kwenye karatasi?"

"Ni ya kusaidia tu."

"Mimi utaniandikia nini? Wewe unajua sijui a wala be. Mtu akija hapa utamwandikia, atasoma, mtacheka. Mimi nitakuwa nimekaa kama sufuria."

Filimbi ile ilisikika mara mbili, tatu.

"Ndiyo maana siendi," Mwalimu akasema.

"Huendi wapi?"

"Huko kwenye kisu. Nirekodi haya, ubaki nayo. Lakini siendi. Nitakaa na wewe tunaongea mpaka siku yangu itakapofika."

Fundi alibaki na kalamu hewani. Kwanza hakujua ni lipi lililompiga zaidi. Miaka ishirini na sita alikuwa akila mezani kwa mwanamke yule na hakuwahi kujua. Akakumbuka fomu za hospitali na ile "nimesahau miwani yangu" ya shemeji yake. Nyumba ile ilikuwa na vitabu mpaka chini ya kitanda. Nusu ya mtaa ilikuwa imejifunzia kujumlisha kwa mumewe.

Angeweza kuvua hedifoni akaenda zake kibandani. Badala yake alipiga hodi, akaingia.

"Kaka, nisameheni. Maiki ilikuwa wazi."

Shemeji aliinuka, akageukia kabati, akaanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Shingo yake ilionyesha aibu kuliko ambavyo uso ungeonyesha.

"Shemeji, usinionee haya," Fundi akasema.

"Sikuonei haya wewe," akajibu bila kugeuka. "Mwulize huyo. Mwaka ule wa kwanza alininunulia daftari. Akanifundisha wiki mbili. Nikakosea, akanigombeza kama anavyowagombeza watoto wake wa shule, mbele ya mama yangu aliyekuja kutusalimia. Nikaliweka daftari chini. Sikulishika tena na yeye hakulitaja tena. Tukaendelea kuishi."

Mwalimu hakukana. Alikuwa anaitazama ile soksi iliyovutwa kwenye waya.

"Kila likizo," akanong'ona, "nilisema likizo hii."

Fundi akaona hawezi kusimama pale kama hakimu. Akakaa sakafuni, mgongo kwenye godoro, akasema lake. "Na mimi nina langu. Zile sentensi za sebuleni, arobaini na tatu. Nimezifuta. Sikuzipoteza, nimezifuta kwa mkono wangu, kwa sababu zilikuwa na kelele na mimi nilitaka uzuri. Ningemsikiliza yule dada tangu siku ya kwanza, sasa hivi ungekuwa umemaliza, na kwa sauti yako."

Mwalimu alimtazama. Kisha akasema neno moja, na mdogo wake hakulisahau, kwa sababu lilitoka safi, bila kukwaruza hata kidogo.

"Toka."

Fundi akatoka. Alikaa kwenye ngazi ya nje, jua la saa nne likimchoma magoti, asijue kama kazi imekwisha au la. Ndani alisikia sauti ya shemeji tu, ikipanda na kushuka, bila maneno. Baada ya muda mrefu mlango ukafunguliwa.

"Rudi," shemeji akasema. "Lete kalamu. Hiyo orodha ya hospitali itupe. Maji nitajua mwenyewe kama anataka, nimeishi naye si jana. Andika ninayoyataka mimi."

"Na upasuaji?"

"Ataenda. Nimemwambia, akifa na sauti yake mimi nitabaki na kimya kile kile, tena bila mtu wa kunikalia hapo kwenye kiti. Mimi si mtu wa maneno mengi. Anipe hamsini tu, mengine nitayasoma usoni mwake. Huko kusoma sikuhitaji mwalimu."

Akatamka na Fundi akaandika. Nani huyo mlangoni? Usinisubiri, kula. Hiyo nguo imekupendeza. Unanikera sasa. Sikukusudia. Kaa kidogo. Umelala? Niletee habari za huko nje. Akataka na jina lake, lile mumewe alilomwita wakiwa wawili, na alipolitamka alimwangalia Fundi kwa ukali ili asithubutu kucheka. Fundi hakucheka.

Walirekodi siku nne nyingine. Mwalimu hakuzungumza na mdogo wake zaidi ya lazima. Alisema sentensi, akasubiri kidole gumba cha Fundi kiinuke kwenye upenyo wa mlango, akasema inayofuata. Nyingine zilichukua mara saba, mara kumi. Jina la mkewe lilichukua asubuhi nzima, na walilolikubali mwishoni halikuwa zuri. Lilikuwa la mtu anayeita kutoka chumba cha mbali. Siku ya kumi na tatu ulibaki mnong'ono, na maiki ile nzuri iliupokea mnong'ono kwa uaminifu wote, kila mkwaruzo mahali pake. Fundi akahesabu: sentensi hamsini na nane. Akavua soksi kwenye waya, akamrudishia shemeji. Akashusha godoro. Mablanketi yalipotoka dirishani, mwanga uliingia kwa fujo, na wote watatu wakafumba macho.

Upasuaji ulikwenda vizuri, kwa maneno ya daktari. Mwalimu alirudi nyumbani na kitambaa shingoni, amekonda, akipumua kupitia tundu lenye sauti ya mtu anayepuliza chai. Fundi alikuwa ameziweka sentensi kwenye simu, kila moja na picha yake: mlango, sahani, nguo, kiti. Mwalimu alipobonyeza mara ya kwanza, akasikia koo lake likisema kutoka mfukoni, aliitupa simu kitandani, akageukia ukuta. Wiki tatu hakuigusa. Alikuwa akigonga meza kwa kidole. Shemeji alikuja, akamtazama usoni, akaleta alichotaka, na mara nyingi akakosea.

Siku moja jioni, jua halijazama, waligombana. Fundi aliukuta ugomvi ukiendelea. Shemeji alikuwa amemwaga dawa kwa bahati mbaya, Mwalimu akapiga meza, naye akapiga meza yake, akamwambia kama ana neno aliseme. Mwalimu akainyakua simu, akabonyeza. "Unanikera sasa," simu ikasema, kwa ile sauti iliyokatikakatika.

Shemeji akasimama wima. "Rudia," akasema. "Rudia nisikie."

Akarudia. Shemeji akakaa chini, akalia kwa kwikwi, na katikati ya kilio akawa anacheka. Tangu siku ile simu ikawa haitoki mkononi. Kwa Fundi, Mwalimu alianza kuandika vikaratasi vifupi: waya wa taa, mafuta ya mlango, nenda zako umechelewa. Kuhusu zile arobaini na tatu hakuandika kitu kamwe, na Fundi hakuuliza.

Miezi minane ikapita hivyo. Kisha kikaja kikohozi, kisha damu kwenye kitambaa, na wakajikuta tena kwenye viti vile vile mbele ya daktari yule yule. Picha za kifua zilikuwa zimebandikwa kwenye kioo chenye taa. Daktari alianza kusema, "Nasikitika kwamba," lakini Mwalimu akainua mkono kama wa darasani. Daktari akanyamaza. Simu ilikuwa mapajani. Mwalimu aliipitia picha moja baada ya nyingine, mlango, sahani, kiti, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Miongoni mwa hamsini na nane haikuwamo aliyoitaka. Nani angeifikiria, siku zile? Akachukua karatasi kwenye meza ya daktari, akaandika mstari mmoja kwa mwandiko wake wa ubaoni, akaisogeza. Daktari akasoma, akamtazama shemeji haraka, akaandika chini yake, akairudisha.

Mwalimu akasoma. Akaikunja mara mbili.

"Mnaandikiana nini?" shemeji akauliza.

Daktari akaanza kupanga kalamu zake. Shemeji alinyoosha mkono, akaitoa karatasi katika vidole vya mumewe, taratibu, kama mtoto anavyonyang'anywa kisu. Akaikunjua. Akaiangalia juu mpaka chini, zile alama zote alizozifulia mashati yenye chaki miaka ishirini na sita. Akampa Fundi.

"Soma."

Mwalimu akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa kwa mdogo wake, nayo yaliomba. Fundi aliyaona. Angeweza kusema chochote: dawa mpya, vipimo zaidi, rudini mwezi ujao. Shemeji asingejua, pengine mpaka mwisho. Karatasi ilikuwa imemwia nzito kupita kiasi.

"Kaka ameandika," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza, maana ilitoka nene, ya kufika nyuma ya chumba. "'Niandikie, usiseme. Nina muda gani? Mke wangu nitamweleza mimi.' Daktari amejibu: 'Miezi miwili, labda mitatu. Imefika mapafuni. Kisu hakitasaidia tena. Dawa za maumivu tunazo.'"

Kioo chenye taa kilivuma. Nje ya mlango mtu aliitwa kwa namba.

Shemeji hakulia. Alimgeukia mumewe, akamfunga vizuri kitambaa cha shingoni kilichokuwa kimelegea.

"Ungenielezaje?" akamwuliza. "Kwa picha ya sahani?"

Mwalimu alimshika mkono ule uliokuwa shingoni mwake, akaushikilia pale pale. Akageuka kumtazama Fundi, na Fundi, aliyekuwa anangoja kuambiwa atoke, akaona kaka yake anamwonyesha kiti kwa kidevu.

Akakaa. Shemeji akamwambia daktari aendelee, aseme kwa mdomo, wao wote wanasikia. Daktari akaeleza habari za dawa: zipi za asubuhi, zipi za maumivu yakizidi, zipi za kulaza. Fundi akatoa kalamu, akaandika, na kila alipomaliza mstari akausoma kwa sauti, shemeji akaurudia mpaka akaushika. Walipomaliza wakainuka, Mwalimu katikati, wakaenda kupanga foleni kwenye dirisha la dawa.